Bruchi, Kikwasi au Fundo: Gharama ya Kushika Nguo kutoka Tura hadi Tara

Mwanamke wa Tura, kule Uyui, anayekwenda harusini na hataki mtandio umponyoke katikati ya ngoma ana njia nne. Anaweza kufunga fundo, na fundo halina bei. Anaweza kubana kwa kikwasi, kile kipini cha waya kinachouzwa kwa pakiti pamoja na sindano na nyuzi. Anaweza kununua bruchi ya kumeta kwenye duka la urembo au kwa machinga siku ya gulio. Au anaweza kupanda basi hadi Tabora mjini akamwagize sonara amtengenezee ya fedha. Kati ya njia ya kwanza na ya nne kuna pengo la makumi ya maelfu ya shilingi, na mtandio unaoshikwa ni uleule.

Hizo fedha za ziada zinanunua nini? Kabla ya kujibu nataka tuwaangalie watu wa namna mbili waliolikabili swali hili zamani. Wa kwanza ni Waselti wa Ireland na Uskoti, ambao pengine hawana mshindani katika kugharimia kipini cha nguo. Wa pili ni watu wa njia ya misafara iliyopita hapahapa Tura, waliokuwa na vitambaa, shanga na waya wa shaba kwa mizigo na mizigo, lakini nguo zao wakazifunga fundo.

Waselti walivaa joho la sufu: kipande kikubwa cha mstatili, hakina mikono wala vifungo, kinatupwa mabegani na kushikwa mahali pamoja. Joho la namna hiyo bila kipini ni blanketi tu. Kwa hiyo kipini kilikuwa sehemu ya vazi, kama zipu ilivyo sehemu ya suruali. Cha kale zaidi, cha zama za chuma, kilikuwa waya wa shaba uliopindwa mwishoni ukawa springi, ncha ikaja kulala kwenye kijumba chake. Ukikitazama utasema ni kikwasi, na hutakuwa umekosea sana. Mmarekani Walter Hunt alipopata hataza ya kikwasi cha kisasa mwaka 1849 alikuwa anairudia kazi ya wahunzi waliomtangulia kwa zaidi ya miaka elfu mbili, ingawa yeye aliongeza kifuniko cha kuizuia ncha isimchome mtu. Hataza hiyo aliiuza kwa dola 400. Wengine ndio waliotajirika.

Baadaye Waselti wakaja na umbo jingine, na hili ndilo lililowapa jina. Ni pete iliyokatwa upande mmoja, pamoja na sindano ndefu inayotembea juu ya pete hiyo. Unakusanya mikunjo ya joho, unaipitisha sindano, kisha unaizungusha pete kidogo ili sindano isipate pa kurudia. Hakuna springi ya kuchoka wala kijumba cha kuvunjika. Kwa ufundi mtupu, bila kutazama urembo, sijaona bruchi ya dukani leo yenye mfungo bora kuliko ule.

Bruchi iliyotajika kuliko zote iko katika Makumbusho ya Taifa ya Ireland, Dublin. Ilitengenezwa mwanzoni mwa karne ya 8, kwa fedha iliyochovywa dhahabu, ikapambwa kwa kaharabu, vioo na nyuzi za dhahabu nyembamba kiasi kwamba jicho linachoka kuzifuata. Pete yake haifiki sentimita 9 kwa upana, lakini sindano ina urefu wa karibu sentimita 32. Na nyuma, upande unaolala kwenye nguo ambao mvaaji peke yake ndiye anayeuona, imepambwa vilevile.

Inaitwa Bruchi ya Tara, kwa jina la kilima cha wafalme wa kale. Lakini haikuokotwa Tara. Ilipatikana mwaka 1850 pwani ya Bettystown, katika jimbo la Meath, na jina hilo la kifalme lilipachikwa na sonara wa Dublin aliyeitwa Waterhouse, aliyeinunua akaanza kuuza nakala zake. Nakala hizo zilionyeshwa London katika Maonyesho Makuu ya mwaka 1851, na tangu hapo umbo lile limekuwa biashara. Kila mwenye kuuza kitu kwa jina la sultani, malkia au Dubai anajua Waterhouse alikuwa anafanya nini.

Gharama yake enzi zile tunaweza kuipima kwa kipimo ambacho mtu wa Uyui atakielewa bila kutafsiriwa. Katika sheria za kale za Ireland, wakia moja ya fedha ilihesabiwa sawa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Bruchi kubwa ya fedha ilikuwa zizi zima begani, na hapo fundi hajalipwa. Maandiko hayohayo ya sheria yalikuwa na la kusema kuhusu watoto wa wafalme waliolelewa nje ya kwao: mtoto wa mfalme mkuu bruchi yake ni ya dhahabu, wa mfalme mdogo ni ya fedha. Yaligusa hata sindano iliyotokeza. Ukivaa bruchi yenye sindano inayochomoza kupita kiasi ikamjeruhi mtu, dhima ni yako. Ukiwa umeivaa inavyotakiwa, mwanamume begani na mwanamke kifuani, hulaumiwi.

Huko Uskoti ilipatikana nyingine mwaka 1826, Bruchi ya Hunterston, ya mnamo mwaka 700. Ilikwisha kuwa kuukuu pale mtu mmoja alipoikwangua nyuma yake, kwa maandishi ya watu wa kaskazini ya Ulaya, kwamba ni mali ya Melbrigda. Kitu cha bei hiyo hubadilisha mikono, na kila mwenye nacho hutaka ijulikane ni chake.

Tuje nyumbani. Tura ilikuwa mlango wa Unyamwezi kwa msafara uliotoka pwani. Watu walikuwa wametoka kuipita Mgunda Mkali, pori la kiu na njaa, na hapa ndipo walipokuta tena mashamba na vijiji vya kununua chakula. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita mwaka 1857 wakielekea Kazeh, yaani Tabora; Stanley alipita mwaka 1871. Wote walilipa kwa nguo. Kipimo kilikuwa shuka, yadi mbili, na doti, yadi nne. Mwanamke wa leo anayeomba doti ya kanga dukani anatamka neno lililokuwa la fedha kwenye barabara hii.

Stanley, ambaye alikuwa mwandishi wa habari na mtu wa kupenda hesabu, ameacha bajeti yake. Watu 100 walihitaji doti 10, yaani yadi 40 za nguo, kila siku kwa chakula. Kwa mwaka mzima alikadiria doti 2,000 za merikani, lile bafta nene lisilotiwa rangi lililotoka Marekani; doti 1,000 za kaniki; na doti 650 za nguo za rangi, miongoni mwao barsati, iliyopendwa sana Unyamwezi. Miaka miwili ikafanya yote mara mbili. Juu ya hapo akaongeza shanga za aina 11 na ratili 350 za waya wa shaba. Kila mzigo haukutakiwa kuzidi ratili 70, kwa sababu ulikuwa unakwenda juu ya bega la mpagazi.

Somo la mnunuzi katika bajeti ile liko kwenye shanga. Samisami, nyekundu, zilikubaliwa Unyamwezi hata pale nyingine zilipokataliwa. Bubu, nyeusi, zilikuwa fedha halali Ugogo na takataka kwingine kote. Sungomaji, zilizo kama yai, zilikuwa na thamani Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwingine hakuna aliyezitaka. Mfanyabiashara aliyenunua pwani zilizokuwa rahisi bila kuuliza mitindo ya bara alikuwa amejibebesha mawe. Nguo zilikuwa kama fedha nyeupe, shanga kama senti za shaba, na waya, ng'ambo ya Tanganyika, ulihesabiwa kama dhahabu.

Kwenye utajiri wote huo, nguo ilivaliwaje? Ilizungushwa kiunoni, au ilipita chini ya kwapa moja na kufungwa fundo juu ya bega la pili, ule uvaaji tunaouita lubega. Si kwa sababu kipini kiliwashinda. Mafundi walioweza kuvuta waya wa shaba mwembamba na kuuzungushia singa za mkia wa twiga au tembo kutengeneza sambo za miguuni, na waliosokota vitindi vilivyopanda mkononi mzunguko juu ya mzunguko, wangeweza kupinda sindano ya nguo wakiwa wamefumba macho.

Sababu mimi naziona mbili. Ya kwanza ni kitambaa. Sufu ya Ireland ilikuwa nene na yenye nyuzi zinazoachana: sindano nene kama kijiti inapita katikati ya nyuzi, na ikitolewa tundu linajifunga. Merikani na kaniki ni pamba iliyofumwa kwa kubanana. Itoboe kwa sindano nene, nyuzi zinakatika, na nguo ikivutwa begani mchana kutwa tundu linakuwa mpasuko. Ushahidi uko kaskazini ya bara letu hilihili: wanawake wa Kiberberi wa milima ya Morocco na Algeria, ambao nguo zao zilikuwa za sufu, wamevaa bruchi za fedha jozi kwa jozi, moja kila bega, hadi karne iliyopita. Penye sufu kipini hustawi, penye pamba nyembamba watu hufunga.

Ya pili ni kwamba nguo ilikuwa fedha. Aliyevaa doti ya merikani alivaa kitu ambacho kesho angeweza kukivua akanunulia mtama, akalipia hongo ya kupita Ugogo au akatolea mahari. Kuna mtu anayetoboa noti ili aining'inize? Fundo linafunguliwa, nguo inakung'utwa, na inarudi sokoni ikiwa nzima.

Cheo je? Kilikuwa na alama zake, lakini hazikushika nguo. Mashuhuri zaidi ni kibangwa, kile kisahani cheupe kinachokatwa kwenye kitako cha kombe la bahari, kilichovaliwa na watemi na wakubwa wa Unyamwezi. Kombe hilo halipatikani ziwani. Lilitoka Bahari ya Hindi, na kila siku ya safari kwenda bara iliongeza bei yake. Mmisionari Livingstone, alipokuwa kwa chifu Shinte mwaka 1854, mbali kusini-magharibi ya hapa, aliandika kwamba makombe mawili ya namna hiyo yalitosha kununua mtumwa, na matano yalikuwa bei nzuri kwa jino la tembo la thamani ya pauni 10. Wafanyabiashara wa Ulaya hawakuchelewa: wakatengeneza vya kuiga vya kauri na kioo. Bidhaa bandia haikuanza na simu za mkononi.

Hapa ndipo njia ya Waselti na ya watu wa misafara zilipoachana, na ndipo penye faida kwa mtu aliyesimama dukani leo na pochi mkononi. Bruchi ina kazi mbili, kushika na kusema. Waselti waliziunganisha katika chombo kimoja, wakalipa ng'ombe. Watu wa njia ya misafara walizitenganisha: fundo likashika bila malipo, kibangwa kikasema. Mnunuzi wa leo huumia anapotaka kitu cha bei ya chini kifanye zote mbili. Bruchi ya kuchovya yenye mawe ya kioo inasema vizuri sana kwa muda, lakini ni mshikaji dhaifu: pini yake ni fupi, mara nyingi ni nene kuliko inavyostahili, na imegandishwa nyuma kwa gundi au kwa tone la risasi. Kikwasi kinashika bila kuchoka na hakisemi chochote cha maana. Ushauri wangu ni wa wazee wa barabara hii: tenganisha. Bana kwa kikwasi upande wa ndani, kisha weka bruchi juu kama pambo lisilobeba uzito. Wanawake wengi wa mjini wanafanya hivyo tayari bila kumsubiri mwandishi.

Tuone hesabu, kwa bei za mfano tu, kwa kuwa za dukani zinabadilika na ujuzi wako wa kupatana. Tuseme pakiti ya vikwasi 12 ni shilingi 500, na unapoteza kimoja kila wiki, maana vikwasi vimeumbwa kupotea. Kila uvaaji ni kama shilingi 42, na mwaka mzima hufikishi 2,200. Tuseme bruchi ya kuchovya ni shilingi 5,000, unaivaa kila wiki, na baada ya mwaka rangi imetoka na jiwe moja limedondoka. Hiyo ni kama shilingi 96 kila uvaaji. Sasa ya fedha ya sonara, tuseme 120,000, ikivaliwa kila wiki kwa miaka 20: ni mara 1,040, sawa na shilingi 115 kila mara. Tofauti na ile ya kuchovya imekuwa ndogo kuliko nauli ya kuifuata, na mwisho wa miaka hiyo fedha bado ina uzito uleule na inauzika.

Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayeivaa kila wiki. Ukiitoa sandukuni mara nne kwa mwaka, Idi mbili na harusi mbili, miaka 20 inakupa uvaaji wa mara 80, na kila mmoja unagharimu shilingi 1,500. Hapo ile ya fedha ni akiba na heshima, na si ubaya kununua akiba na heshima. Ila mtu asijidanganye kwamba ananunua kipini.

Ukienda kwa sonara, nenda na swali la uzito. Fedha ya kawaida ya mapambo hugongwa muhuri wa 925, maana yake sehemu 925 katika 1,000 ni fedha halisi. Bruchi ya gramu 20 ina fedha halisi gramu 18 na nusu. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, toa jibu kwenye bei uliyotajiwa, kinachobaki ni mkono wa fundi na faida ya duka. Kinachobaki kinaweza kuwa kikubwa na bado kikawa halali, kwa kuwa kazi nzuri ya mkono ni ghali. Lakini ni lazima ukijue, kwa sababu siku ya kuuza utalipwa uzito peke yake. Masonara wa pwani na wa Oman kwa miaka mingi waliyeyusha riali za Maria Theresa, zile sarafu za Austria zenye tarehe ya 1780 hata kama zimegongwa karne moja na nusu baadaye. Kila moja ilikuwa na gramu 28 na kidogo, sehemu tano kati ya sita zikiwa fedha tupu. Mteja aliyeleta riali tatu alijua kabisa pambo lake lina uzito gani kabla moto haujawashwa. Njia hiyo bado ni nzuri. Peleka kikuku cha bibi kilichovunjika, kipimwe mbele yako, na ulipe ufundi.

Tabora ina jaribu lake la peke yake. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamefungiwa bahari na vita, waligonga sarafu zao Tabora, katika karakana ya reli. Za shaba zilikuwa za heller, na za dhahabu zilikuwa za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima. Dhahabu ilitoka Sekenke, Iramba. Zilitengenezwa 16,198 tu, kila moja gramu 7 na kidogo, ya karati 18. Septemba ya mwaka huohuo mji ukachukuliwa na majeshi ya Kibelgiji, na biashara hiyo ikaisha. Sarafu nyingi za dhahabu duniani zimefanywa bruchi na vidani kwa kuzichomelea pini au kitanzi nyuma, na zile za tembo hazikusalimika. Yeyote aliyerithi moja na akapewa wazo hilo, asikubali. Dhahabu iliyomo ni gramu 5 na kitu. Thamani yake kwa wakusanyaji wa sarafu inapita mbali thamani ya dhahabu hiyo, na tone moja la lehemu linaifuta sehemu kubwa. Kama ni lazima ivaliwe, sonara anaweza kuitengenezea fremu inayoishika pembeni bila moto kuigusa. Na kama kuna mtu mnadani anakuuzia moja kwa bei ya huruma, jua kwamba sarafu inayosakwa ndiyo inayoigwa.

Turudi kwenye vitambaa, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi zinapotea bila mtu kuona. Shifoni na satini ni adui wa kila ncha: tundu halijifungi, na uzi mmoja ukivutwa unaacha mstari hadi pindoni. Kwa hivyo, vile vishikio vya sumaku vinavyouzwa kwa wavaa ushungi vina faida ya kweli, navyo hudumu. Bei yake ni juu ya kikwasi na chini ya bruchi nzuri. Lakini havifai kwa kitenge kizito, vinateleza. Na nyumba yenye mtoto mdogo ifikiri mara mbili, kwani sumaku mbili zikimezwa huvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo naye aziepuke kifuani. Kitenge na batiki nzito huvumilia kikwasi na bruchi bila manung'uniko. Kanga mpya yenye wanga wake pia, ila ikishalainika kwa kufuliwa irudishie fundo. Mitumba ya sufu, makoti yale ya baridi yanayoshuka kwenye marobota, ndiyo pekee yatakayoibeba bruchi kubwa ya Kiselti kama ilivyokusudiwa, na jua la Uyui halimruhusu mtu kuyavaa muda mrefu. Mwenye safari ya Njombe au Ulaya ana hoja.

Mbeleko usiibane kwa chochote. Waskoti walikuwa na kibruchi kidogo cha fedha chenye umbo la moyo, kilichouzwa kwenye vibanda vya Edinburgh karibu na kanisa la Mtakatifu Giles. Kijana alimpa mchumba, na baadaye kilibanwa kwenye shali ya mtoto ili kumkinga na mabaya. Ile ilikuwa bruchi ya mtu wa kawaida, nafuu na ya kupendeza, mbali na ng'ombe wa wafalme. Kwa shali ya mtoto aliyelala kitandani sina ugomvi nayo. Kwa mtoto mgongoni, anayesukuma kwa miguu na kuvuta kwa mikono, hakuna ncha inayostahili kuwa karibu. Fundo la mbeleko limebeba taifa zima na halijawahi kudai kipini.

Kuna gharama mbili ambazo bei ya dukani haizitaji. Moja ni ngozi. Bruchi za bei ya chini huwa na nikeli chini ya ile rangi ya dhahabu, na rangi ikichubuka nikeli inagusa jasho. Wengine hawaoni kitu. Wengine wanapata vipele na mwasho usioisha, na aliyeanza kudhurika huendelea kudhurika kila anapoigusa. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye vitu vinavyokaa mwilini. Bidhaa inayofika kwenye meza ya gulio haijapita lazima kwenye kikomo hicho. Kama hereni za bei rahisi zinakuwasha, bruchi za aina hiyo zitakuwasha pia pale zinapogusa shingo. Ya pili ni tabia ya kubana pini kwa midomo wakati mikono inapanga ushungi. Mtu akicheka au akaitika, pini inakwenda kwenye njia ya hewa, na madaktari katika nchi nyingi wameziondoa kwa vifaa vya hospitali ambavyo bei yake haina uhusiano wowote na shilingi 500 za pakiti. Zichomeke kwenye mkono wa gauni au kwenye kibweta cha sindano.

Ukishaamua kununua bruchi, ya aina yoyote, usiitazame mbele. Mbele imetengenezwa ili ikutazame wewe. Igeuze. Angalia pini imeshikwa na nini: bawaba iliyopigwa ribiti ni bora kuliko tone la risasi, na tone la risasi ni bora kuliko gundi. Ifungue na kuifunga mara kadhaa hapohapo kwenye meza, muuzaji akununie akitaka. Ncha iwe nyembamba na laini, ukiipitisha kwenye pindo la kanga uliyovaa isikwaruze. Kijishikio cha ncha kiwe na kifuniko au kizungushio, kisiwe ndoano tupu. Bruchi inayopita mtihani huo kwa shilingi 5,000 ninaipendelea kuliko ya 15,000 yenye mawe mengi na mgongo wa gundi. Iliyoshindwa, kama umeipenda sura, mwombe punguzo, kisha mpelekee fundi wa saa au sonara aipachike pini mpya. Ujira wake ujumlishe kwenye bei kabla hujatoa pesa.